Aliyelamba Chumvi ya Wengi

Usiku ule Nadège hakurudi. Alitoka wakati wa magharibi kwenda kununua makala ya kupikia kwenye kona ya avenyu yetu, akaacha sombe, mboga ya majani ya muhogo, motoni, na sombe ikaungua mpaka ikashika sufuria. Niliipua, nikafungua mlango kidogo, nikakaa kizingitini na tochi miguuni. Mtaa wetu wa Mudzipela ulinyamaza mapema, kwa sababu askari hawataki watu njiani baada ya giza. Moto ya mwisho, pikipiki ya abiria, ilipita, halafu wakabaki mbwa. Kila mbwa alipobweka nilisimama.

Habari ya namna hii niliwahi kuingoja mara moja, kule shambani kwetu karibu na Iga Barrière. Asubuhi watu waliniletea maiti ya baba yake Nadège, Josaphat, juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya mtu. Kwa hiyo usiku huu nilijizuia kuomba asubuhi ifike upesi.

Ilifika hata hivyo. Rodrigue, kijana wa moto anayepanga nyuma ya nyumba yetu, alisimamisha pikipiki yake mbele yangu bila kuizima.

"Mama Nadège, mutoto yako iko muzima. Iko kule soko, juu ya meza ya samaki. Iko naongea."

"Anaongea na nani?"

"Na bantu bote." Aliangalia tangi la pikipiki badala ya kuniangalia mimi. "Lakini haiko sauti yake, mama."

Tulipofika, wauza samaki walikuwa wamekusanya bidhaa zao pembeni ili asizikanyage. Nadège alisimama juu ya meza, peku, amekumbatia viatu vyake kifuani. Mwanangu ana sauti nzito kama ya baba yake. Siku ile alisema kwa sauti nyembamba ya msichana mdogo:

"Mungoje nivue viatu kwanza. Ni ya mama. Nilichukua bila kumuomba. Hapana kuikanyaga."

"Dada, viatu iko mu mikono yako!" muuza nguo kuukuu mmoja alimpigia kelele. "Nani atakanyaga? Inzi?"

Watu wakacheka. Hata Rodrigue alicheka kidogo, halafu akajikohoza. Niliwatazama wote, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu tangu vita: mahali penye watu wengi natafuta yule asiyefanya wanachofanya wengine. Nikamwona Musoki, jirani yetu anayeuza mafuta ya mawese. Alikuwa akijaza chupa ya mteja. Chupa ilijaa, mawese yakamwagika, yakafunika meza, yakachuruzika mpaka kwenye vidole vyake vya miguu, na mkono wake uliendelea kumimina.

Niseme kwanza huyu Nadège ni nani, maana sokoni walimjua siku ile tu.

Ni mtoto wangu wa kwanza. Alimaliza shule akiwa na diploma, jambo ambalo mimi niliyeishia darasa la nne nililitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tulipokimbia, tuliishi chini ya turubai pamoja na watu wa vilima vyetu. Shirika moja likaja kujenga pale nyumba ndogo ya mbao, wakaiita nyumba ya kusikiliza. Mwanamke aliyepatwa na jambo njiani au shambani angeingia, akae, aseme. Walitafuta msichana anayejua lugha ya kwetu, asiyecheka hovyo na asiyelia mbele ya watu. Wakamchukua Nadège.

"Kazi yenyewe ni kufanya nini?" nilimuuliza.

"Kunyamaza, mama."

"Na kwa hiyo watakulipa?"

"Kwa hiyo."

Tulicheka sana siku ile, kwa sababu mimi najulikana kwa kuongea. Watu wakampa jina la Masikio. Watoto walikuwa wakimwita hivyo kwa kumtania, naye alikuwa anavuta masikio yake yawe makubwa.

Lakini wanawake hawakuja. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye muhuri iliyoahidi kwamba neno litakalosemwa mle halitatoka. Wanawake wetu wameona karatasi nyingi zenye mihuri. Mwishowe bibi mmoja wa kilima chetu aliingia, akamwambia mwanangu: "Karatasi ni yenu. Weye ulambe chumvi."

Kwetu siri kubwa ilifungwa hivyo tangu zamani. Mwenye neno anaweka chumvi kiganjani mwake, msikilizaji anailamba yote. Neno linalala tumboni pamoja na chumvi, na akilitoa, tumbo litamdai. Anayeweza kumfungua ni yule yule aliyempa: anarudi, anamwagia maji kiganjani, msikilizaji anakunywa, chumvi inayeyuka, basi. Wasipofanya hivyo, anakaa nalo mpaka kaburini.

Nadège alilamba. Habari ikaenea, na baada ya hapo foleni ilianza alfajiri. Hata wanawake wa ukoo wa Musoki, waliotoka Butembo kuja kufanya biashara na ambao huita desturi zetu mambo ya porini, nao walikuja kunyoosha kiganja. Jioni mwanangu alirudi nyumbani na kiu kali, akanywa maji nusu mtungi. Mimi nilifurahi. Niliona mtoto wangu anaheshimiwa na watu wazima.

Kulikuwa na mganga wa mawazo aliyewasimamia hao wasikilizaji, Yves, mtu mpole mwenye miwani, ambaye mji mzima ulikuwa ukimgombania kwa sababu wa kazi yake ni wachache kuliko vidole vya mkono. Kila juma aliwaketisha wasikilizaji wake ili wamwage waliyoyasikia, bila kutaja majina ya wenyewe, wasije wakaelemewa. Wenzake walimwaga. Wengine walilia mbele yake, wakarudi kazini wepesi. Nadège alimwambia kila mara, "Kwangu ni salama." Yves akamsifu mbele ya wote kwamba ndiye mwenye moyo wa chuma. Hakujua habari ya chumvi. Nadège hakuona kama ni jambo la kumwambia. Alidhani kila mtu anajua kwamba aliyelamba hamwagi.

Kisha shirika likaondoka. Walibandua kibao, wakapigilia misumari mlango wa ile nyumba ya mbao. Wanawake wakaanza kumfuata kwetu Mudzipela, kwenye jiko letu la nje. Mimi nilikaa uani nikichambua maharage, mgongo nimeupa jiko, na mtu akija nilikohoa. Nilijua nyuso zote. Maneno sikuyajua. Nilimwona hata Viviane, binti wa Musoki, akiingia na kidumu cha mawese kana kwamba ametumwa kuuza. Alitoka na kidumu chake kikiwa kimejaa vile vile.

Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi. Halafu tukiwa tunakula bugali, Nadège alinyanyua uso akasema, "Usinipige, niko na mimba." Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee aliyevuta tumbaku. Nilidhani ni malaria imepanda kichwani. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa za malaria. Kwenye kanisa walimwekea mikono. Aliwaitikia amina kwa sauti tatu tofauti. Kisha ikaja siku ile ya sokoni.

Kutoka sokoni nilimpeleka moja kwa moja kwa Yves. Baraza lake lilijaa watu waliokaa chini tangu usiku, baadhi wamefungwa kamba na ndugu zao, lakini alipomwona Nadège alitoka mwenyewe kumpokea. Alimuuliza taratibu anasikia nini. Nadège alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akabana mpaka kucha zikaacha alama mashavuni. Yves alipomlegeza mikono, Nadège alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito, neno moja tu:

"Nililamba."

Nikamweleza Yves maana yake. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Wote?"

"Bote, munganga."

"Na mimi niliwaambia wengine wajifunze kwake," alisema. Kisha akaniuliza kama mwenye neno anaweza kumfungua. Nikamwambia anaweza, kwa maji. "Basi mutafute hata mmoja, mama. Dawa nitampa, zitamlaza. Lakini hatamwambia mtu kitu akiwa amefungwa hivyo. Mmoja tu akimfungua, nina pa kuanzia."

Akaahidi kuja kwetu Jumamosi mchana, kwa kuwa hakuna mwanamke angekubali kuonekana kwenye baraza lake la wendawazimu.

Nilianza kuzunguka siku ile ile. Muuza makala wa kona, niliyemkoholea mara tatu uani kwangu, alinitazama kama vile nimeomba meno yake.

"Chumvi gani, mama? Miye naweka chumvi mu sombe tu."

"Utakuja jikoni, umwage maji, utoke. Hakuna mutu atauliza."

"Wataniuliza nilikwenda kufungua nini." Akainama kupanga makala yake. "Muache iende zake na mambo yake."

Mwingine, mama wa watoto watano, alilia. Nilipoona machozi nilitumaini. Alisema, "Mume wangu alinioa upya baada ya vita, anajua nilipotea siku moja mu pori. Nikikanyaga kwako atajua nilipotea na nani." Akanifungia. Yule bibi wa kwanza, aliyeanzisha habari ya chumvi, alikuwa amekufa. Wa mwisho alimwita mwanaye, akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Kwenda fukuza huyu mama, iko na mutoto mwenye wazimu, anaweza kutuambukiza." Ndivyo nilivyoelewa tulipokuwa. Kuja kumfungua Nadège kulikuwa sawa na kupanda juu ya ile meza ya samaki na kusema mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Musoki ameketi kwenye kigoda changu. Alikuwa ameleta unga kwenye bakuli, kama jirani mwema.

"Mama Nadège, redio yako inasema sana."

"Ni ugonjwa, Mama Viviane."

"Ugonjwa gani inajua viatu ya bantu?"

Neno likishatoka hivyo halina pa kurudi, naye alijua. Alitazama mlangoni, akavuta kigoda karibu, akanong'ona. Viviane alishushwa garini na wenye bunduki, njia ya Bambu, walipokwenda kupeleka samaki kwa wachimba dhahabu. Viatu vilikuwa vyake, Musoki, vya kanisani. Vilirudi, mtoto amevishika mkononi.

"Na nilimutuma mimi," alisema. "Nilisema, kwenda kwa Masikio, useme yote, ikwishe. Nikajua iko tumboni mwa mutu, imelala. Sasa inatembea mu soko."

"Basi aje amufungue. Jumamosi munganga atakuwa hapa."

"Jumamosi?" Alicheka kwa pua. "Jumamosi bakwe banakuja na ng'ombe! Bakisikia neno moja, batarudisha mpaka kuku. Na manyoya yake."

Halafu alinipa mpango wake. Nadège afungiwe jikoni mpaka wakwe wamalize na kwenda zao. Ng'ombe wakishafika, Viviane atakuwa mke wa mtu, hakuna atakayemuuliza kitu, na mchana huo huo atavuka uzio na maji mkononi, mbele ya Yves. Wa kwanza kumfungua atakuwa yeye.

"Apa," nilimwambia. Nilichukua chumvi kwenye kopo, nikaiweka kiganjani, nikamnyooshea.

"Aa, Mama Nadège! Chumvi tena? Hamujashiba?"

Alisukuma kiganja changu, kwa upole, kama unavyomrudisha mtoto anayekupa kitu kilichoanguka chini. Lakini aliapa kwa Biblia yake, na sikuwa na mwanamke mwingine aliyesema ndiyo.

Kufuli lilikuwa lake. Nilimwambia Nadège aingie kulala jikoni pasipo kelele, naye akaingia, akaomba blanketi la baba yake, nikampa. Musoki akafunga, akatia ufunguo kwenye pindo la kitenge chake.

"Miye nitakaa nao. Roho ya mama iko laini."

"Na chakula?"

"Utapitisha mu tundu ya moshi. Mutoto si tembo."

Siku ya kwanza Nadège aliongea mle ndani. Alikuwa bibi, alikuwa msichana, alikuwa mwanamke anayewahesabu watoto wake akikosa mmoja na kuanza upya. Nilikaa nje karibu na mbao nikimwitikia, "Niko hapa, mama yangu," kwa kila sauti, kwa sababu sikujua ipi itasikia.

Kesho yake wanawake walianza kuja kwa Musoki kumsaidia kupika. Njia ya kwake haipiti kwetu. Wote walipita kwetu. Mmoja mmoja, na ungo wa mchele kichwani au ndoo mkononi, walikaribia jiko langu, wakainama penye ufa wa mbao, wakasema kitu, wakaondoka. Muuza makala alipita. Mama wa watoto watano alipita, na huyu alitema mate kwanza; nilishika neno moja tu, "Ulilamba." Nilisimama kuwazuia, Musoki akanishika mkono.

"Acha, banamuombea."

"Maombi ya kunong'ona?"

"Mungu iko na masikio. Si kama yako ya kukodisha."

Wale waliokuwa karibu walicheka mpaka ndoo zikamwaga maji. Jioni nilimuuliza Nadège wamemwambia nini. Hakujibu. Nilipitisha chakula kwenye tundu la moshi. Asubuhi nilikikuta pale pale, na sisimizi. Mle ndani hapakuwa tena na bibi wala msichana wala mwenye kuhesabu watoto. Niliweka sikio kwenye ufa nikasikia anapumua, basi.

Jumamosi wakwe walikuja na nyimbo. Ng'ombe walipitishwa mbele ya nyumba yetu, mmoja akanya mlangoni kwangu, na mtu akasema hiyo ni baraka. Nilifagia. Nilitandika mkeka mbele ya jiko, nikaweka mtungi wa maji safi na bakuli jipya. Yves alifika kwa moto ya Rodrigue, viatu vimejaa vumbi, akakaa kwenye kigoda, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nilionyesha mlango. Aliona kufuli, akanitazama.

Nilivuka uzio.

Viviane alikuwa ameketishwa katikati, katika kitenge kipya, mikono juu ya magoti. Aliponiona alianza kuinuka. Nasema nilichokiona: magoti yake yalitoka kwenye mkeka. Mkono wa mama yake ukashuka begani.

"Kaa. Bibi harusi hasimami mbele ya bakwe."

"Nimekuja kuchukua ufunguo," nilisema. "Na ile ingine tuliongea."

Shangazi mmoja wa wakwe aliuliza, "Huyu mama anataka nini?"

"Ni jirani yetu," Musoki alisema, akitabasamu, akifungua pindo la kitenge. "Mutoto yake alikuwa na wazimu kidogo. Siye bamama tulimuombea, akanyamaza. Amepona." Akaniwekea ufunguo mkononi kama mtu anayerudisha kikombe alichoazima.

"Mungu asifiwe!" shangazi akasema, na wote wakapiga makofi. Waliimba hata ubeti mmoja. Mwanamume mzee wa upande wa wakwe akaniletea kipande cha nyama ndani ya jani, ili nikamlishe mtoto aliyepona.

"Mama Viviane," nilisema, "maji iko tayari."

"Utakunywa kwako, mama. Hapa kuna soda."

Wakacheka. Viviane aliangalia mikono yake. Niliita jina lake mara moja, si kwa nguvu, na mama yake akaanzisha wimbo.

Niliporudi Yves alikuwa amesimama. Hakuuliza kama wanakuja. Nilitia ufunguo, kufuli likafunguka bila shida, nikalitoa kwenye pete, nikasukuma mlango. Ulikwenda upana wa kidole, ukarudi.

"Nadège, ni miye."

Nilisukuma tena. Akasukuma. Nilitazama penye ufa, nikaona mgongo wake umeegemea mbao, blanketi la baba yake kichwani, na nyayo zake zimekanyaga mafiga kujitia nguvu.

"Nadège," Yves alisema, "ni Yves. Usiseme kitu. Sitakuuliza kitu. Fungua tu, mama yako akuone."

Upande wa pili wa uzio waliimba. Yves alipiga magoti kwenye majivu na suruali yake safi, akaongea na ule ufa kwa muda mrefu, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kisha kwa maneno machache ya lugha yetu aliyojifunza kwa mwanangu, akiyakosea. Hapo nilisikia pumzi ya Nadège ikikatika, nikadhani sasa. Kilichofuata ni mafiga kuburutwa sakafuni, yakipangwa nyuma ya mlango.

Jua lilipoanza kushuka Rodrigue alipiga honi. Askari wangefunga njia, na kule kwenye baraza watu wa Yves walikuwa wakingoja. Yves aliacha vidonge juu ya mkeka, akasema atarudi, hakusema lini, nami sikumuuliza.

Nilisukuma kwa bega. Nilisukuma kwa mgongo, nimeketi kama yeye, mbao katikati yetu, nikisikia uzito wake ukinirudisha. Kufuli lilikuwa wazi mapajani mwangu. Mlango haukusogea.